Swali Kwanza, Kanuni Baadaye

Mtoto aliyekulia Mikindani au Kilwa Kivinje anajua kwamba maji yakijaa saa 10 alfajiri, yatajaa tena jioni saa 10 na nusu hivi, na kesho alfajiri yatakuwa yamechelewa kwa karibu dakika 50. Anajua pia kwamba bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, na kwamba siku hizo maji hupwa sana kwenye saa 4 asubuhi, wakati kina mama wanaposhuka mwambani kutafuta pweza. Mtoto huyo huyo akiulizwa darasani namba ya 15 katika mfuatano unaoanza na 4 na kuongezeka kwa 5, anashika kalamu na kusubiri mwalimu ataje kanuni. Hesabu anayo. Hajaonyeshwa tu kwamba ile ya pwani na hii ya ubaoni ni moja.

Walimu wa hesabu na sayansi wa Mtwara na Lindi tumejaribu mambo mengi ili wanafunzi wafikiri badala ya kukariri. Lililozaa matunda kuliko yote ni hili: swali litangulie, kanuni ifuate, na kati ya hayo mawili mwanafunzi awe na kitu cha kupima. Kumwambia mtoto "kuwa mbunifu" hakumsaidii chochote. Atabuni akiona jibu lake la kwanza limepungua, akajua limepungua kwa kiasi gani, na akapewa muda wa kulirekebisha. Kipimo kikikosekana, anayeshinda kwenye kundi ni mwenye sauti kubwa, na wengine wananakili.

Swali linalofaa kuanza nalo kwa shule za pwani ni la chumvi. Lindi na Kilwa kuna mashamba ya chumvi, na wanafunzi wengi wana ndugu wanaofanya kazi huko. Swali liandikwe ubaoni bila maelezo zaidi: mfanyakazi wa shamba la chumvi atajuaje, bila kuonja, kwamba maji ya jaruba hili yamekaribia kutoa chumvi? Wape dakika 10 kwa makundi. Watakuja na majibu mazuri: yai litaelea, kipande cha kiazi kitaelea, maji yatabadilika rangi, uzito wa kopo moja la maji utaongezeka. Yaandike yote, hata yale unayojua hayatafika mbali. Kisha uliza swali la pili, ambalo ndilo lenye kazi: yai linasema "ndiyo" au "hapana" tu, mtapataje kifaa kinachosema "bado kidogo"?

Hapo ndipo wanatengeneza haidromita, yaani kifaa kinachoelea na kuonyesha maji yana uzito kiasi gani kwa ujazo wake. Kila kundi la watu watano au sita lipate mrija wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 5 na urefu wa sentimita 20, mchanga mkavu uliochekechwa, kipande cha mshumaa, rula, kalamu ya wino usiofutika na chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa shingoni. Chumvi gramu 400 kwa kundi inatosha. Kama mizani hakuna, kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini ni kama gramu 6. Chumvi ya mawe ina nafasi nyingi katikati ya chembe, kwa hiyo kijiko hudanganya. Isagwe kwanza, au ipimwe dukani.

Mrija unazibwa ncha moja kwa nta iliyoyeyushwa, kina cha sentimita moja hivi, unaachwa upoe, kisha unatumbukizwa majini na kupulizwa kwa juu. Viputo vikitoka, nta haijashika na kazi irudiwe, maana mrija unaovuja utazama polepole na kulipa kundi zima namba za uongo. Kisha mchanga unamiminwa ndani, kama sentimita 7 za mrija, na mrija unawekwa kwenye maji ya bomba au ya kisima. Mchanga unaongezwa au kupunguzwa mpaka sentimita 15 ziwe chini ya maji. Wakati huo mrija wote na mchanga wake vina uzito wa karibu gramu 3. Alama inachorwa pale maji yanapokata.

Matatizo yanayojitokeza hapa yanajulikana, na mwalimu asiyaondoe mapema. Mrija wa karatasi hulowa na kuzama. Mchanga wenye unyevu hushikamana katikati ya mrija, kisha mrija hulala ubavu, kwa sababu uzito haujakaa chini. Mrija ukigusa ukuta wa chupa hung'ang'ania hapo na alama hupanda au kushuka kwa milimita kadhaa. Viputo vidogo vya hewa vikishika kwenye plastiki huunyanyua. Kundi likisema, "Mwalimu, wetu umelala," jibu liwe swali: kizito kiko wapi, juu au chini? Wavuvi wanajua kwa nini mizigo hukaa chini ya dau. Acheni watoto waseme wenyewe.

Mrija ukishasimama wima, unapimwa kwenye maji ya aina tatu: maji tamu, maji ya bahari (au gramu 35 za chumvi katika maji ya kutosha kufikisha lita moja, kwa shule za Masasi, Newala au Nachingwea zilizo mbali na pwani), na maji makali yaliyochanganywa na chumvi hadi yakagoma kuyeyusha zaidi, yaani karibu gramu 360 kwa lita ya maji. Kwenye maji makali mrija unanyanyuka kiasi kwamba sehemu iliyozama inabaki sentimita 12.5 hivi. Furaha inakuwa kubwa. Kwenye maji ya bahari, hata hivyo, mrija unanyanyuka chini ya milimita 4, na nusu ya makundi yatasema hakuna tofauti. Hawajakosea kupima. Kifaa chao hakina macho ya kuona tofauti ndogo hivyo, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanza.

Uliza: mtafanyaje ili tofauti kati ya maji tamu na maji ya bahari iwe kubwa, hata mtu aliyesimama hatua mbili aione? Mapendekezo huwa yanafanana shule kwa shule. Wengine watataka mrija mwembamba zaidi. Wengine watataka mnene. Wengine mrefu. Wote wajaribu. Mrija mwembamba na mrija mnene, vikizama urefu uleule kwenye maji tamu, vinanyanyuka sawasawa kwenye maji ya bahari, na jambo hilo linawashangaza sana. Sababu yake wanaweza kuifikia wenyewe: unene ukiwa sawa kuanzia chini hadi juu, unajifuta kwenye hesabu, na kinachobaki ni urefu uliozama kugawanywa kwa densiti ya maji, yaani uzito wake kwa ujazo. Mrija mrefu unasaidia, ila kidogo: uliozama sentimita 25 unanyanyuka milimita 6 tu.

Mapema au baadaye kundi moja linaleta kichupa. Kichupa kidogo cha plastiki cha dawa cha mililita 30, kilichotiwa mchanga, kifuniko kikatobolewa na mrija ukasimamishwa juu yake na kuzibwa kwa nta, ni kifaa tofauti kabisa. Tuseme kwenye maji tamu kichupa na sehemu ya chini ya mrija vimezamisha sentimita za ujazo 32. Kwenye maji ya bahari, yenye densiti ya 1.025, vinahitaji kuzamisha 31.2 tu. Ile 0.8 iliyopungua inatoka yote kwenye mrija mwembamba wenye eneo la sentimita za mraba 0.2, kwa hiyo mrija unapanda sentimita 4. Kutoka milimita 4 hadi sentimita 4, kwa plastiki na mchanga uleule.

Usiwaache wasimame hapo. Waambie wakitumbukize kifaa chao kipya kwenye maji makali. Kitaelea juu na kulala ubavu, kwa sababu kingehitaji mrija wa zaidi ya sentimita 26 ili kipime. Kifaa kinachoona tofauti ndogo kimepoteza uwezo wa kupima mbali. Sasa wana uamuzi wa kihandisi mbele yao, na hauna jibu moja: kutengeneza vifaa viwili, au kimoja chenye mrija mnene kidogo, au kimoja chenye mchanga wa kuongeza na kupunguza kwa vipimo maalumu. Tumeona makundi yakichagua njia hizo zote tatu. Kanuni ya Akimidi (Archimedes), kwamba kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, ikija ubaoni baada ya hapo, darasa linaipokea kama kitu wanachokifahamu ambacho kilikuwa hakina jina.

Kipindi kingine maji ya bahari lita moja yamwagwe kwenye sinia pana na kuanikwa. Ukungu mweupe wa kwanza unaoonekana chini si chumvi ya mezani. Humo mna jasi, madini yaleyale yanayochimbwa Kilwa, ambayo huganda mapema kuliko chumvi. Chumvi yenyewe inaanza maji yakibaki karibu mililita 100. Wanaokausha mpaka tone la mwisho wanapata gramu zao 35 au karibu na hapo, lakini chumvi yao ni chungu na inalowa usiku hata ikiwa ndani ya kopo. Swali la wiki liwe hilo: mbona yetu inalowa na ya dukani hailowi sana? Jibu liko kwenye maji machungu ya mwisho, yaliyobeba magnesi, ambayo shambani humwagwa yasikauke pamoja na chumvi. Mwanafunzi mwenye mjomba kwenye mashamba ya chumvi atalileta jibu hili kesho yake, na aachwe alifundishe darasa zima.

Kwa upande wa hesabu, hakuna kitu kinachofanya kazi Mtwara kama korosho. Wazazi wanauza kwa stakabadhi ghalani kupitia chama cha msingi, bei inatajwa mnadani, na kila mtoto amesikia watu wakibishana juu ya ubora. Swali: mnunuzi anataka kujua gunia hili la kilo 80 litatoa kiini kiasi gani, na haruhusiwi kubangua lote. Afanyeje? Hapo kuna sampuli, wastani, asilimia, uwiano na ubadilishaji wa vipimo, vyote kwa pamoja.

Tahadhari kwanza. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi na kuacha majeraha, na moshi wake ukichomwa unawasha macho na koo. Wanafunzi wasibangue darasani kwa mikono mitupu wala kwa meno. Aitwe mbanguaji mzoefu mwenye kisu chake na mafuta ya kupaka mikononi, abangue kilo moja mbele yao huku wao wakipima na kuandika.

Hatua ya sampuli iachwe mikononi mwa wanafunzi. Wengi watachota kilo nzima juu ya gunia. Andaa gunia dogo ambalo chini yake umeweka korosho nyepesi na changa, bila kuwaambia. Kundi lililochota juu litapata namba nzuri, lililochota chini litapata mbaya, na mabishano yatakayofuata yatafundisha sampuli nasibu kuliko ukurasa wowote. Kisha waulize wapange utaratibu: sehemu ngapi za gunia, kiasi gani kila sehemu, wachanganye vipi kabla ya kupima kilo ya mwisho.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Kwenye gramu 1,000 za korosho ghafi, viini vizuri vinapimwa peke yake, vyenye madoa na vilivyosinyaa vinapimwa peke yake na kuhesabiwa nusu, vilivyooza havihesabiwi. Tuseme vizuri ni gramu 250 na vyenye madoa ni gramu 30. Nusu ya 30 ni 15, jumla 265. Biashara ya dunia hutaja ubora kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80, na ratili moja ni gramu 453.6. Kwa hiyo 265 mara 80 gawa kwa 453.6, unapata 46.7. Wanafunzi wakishafanya mara tatu kwa njia ndefu, wataona wenyewe kwamba wanaweza kuzidisha gramu zao kwa 0.176 na kumaliza. Acha waigundue njia hiyo ya mkato. Anayeigundua atakumbuka ilikotoka. Baadaye uliza: mizani ikikosea gramu 5, jibu linayumba kiasi gani? Ni karibu ratili 0.9 kwa gunia. Kwa mzigo wa tani moja, yaani magunia 12 na nusu, ni ratili 11 za kiini, karibu kilo 5. Mtoto wa mkulima hatahitaji kuambiwa kwa nini usahihi wa mizani ni jambo la maana.

Mabibo nayo yana kazi, na kwa msimu wake yanaoza chini ya mikorosho bila kuuzwa. Swali kwa Kidato cha Pili na kuendelea: kati ya bibo, chungwa na ndimu, lipi lina vitamini C nyingi? Chemsha mililita 200 za maji, koroga kijiko kidogo cha unga wa muhogo, acha upoe. Chukua mililita 10 za maji hayo, dondoshea aidini ya dukani mpaka yawe ya buluu iliyokoza, karibu nyeusi. Tumia idadi ileile ya matone kwa kila kikombe. Kisha ongeza maji ya tunda tone kwa tone kwa sirinji isiyo na sindano, ukikoroga, mpaka rangi ipotee. Matone machache maana yake vitamini nyingi. Sirinji iwe moja kwa wote, au zote za ukubwa mmoja, vinginevyo tone la huyu si tone la yule.

Bibo litashinda, tena kwa mbali, na darasa litashangilia. Ni kweli kwamba bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini jaribio hili limelipendelea. Mletee mwanafunzi chai ya rangi iliyokolea na kupoa, isiyo na limau, apime. Chai haina vitamini C, na bado rangi itapauka au kupotea. Kinachofanya hivyo ni tanini, kitu kilekile kinacholeta ukakasi mdomoni mtu akila bibo. Swali jipya limezaliwa: tutajuaje bibo limeshinda kwa vitamini au kwa ukakasi? Hapa ubunifu wa kweli unaonekana, kwa sababu lazima wabuni namna ya kutenganisha vitu viwili wasivyoviona. Njia moja inayofika ni kuchanganya maji ya mabibo na uji mwepesi sana wa muhogo uliopoa, kuacha yatuame, kisha kuchuja kwa kitambaa; uji unashika sehemu ya tanini na kwenda nayo chini, na maji yanabaki na ukakasi mdogo. Yapimwe tena. Kosa la kawaida ni kulinganisha maji hayo yaliyokaa saa kadhaa na maji mabichi yaliyokamuliwa sasa hivi. Vitamini C hupungua kwa kukaa hewani, kwa hiyo kikombe cha maji yasiyotiwa uji nacho kikae muda uleule, kikiwa kimefunikwa, na kitiwe maji matupu ya kiasi sawa na uji. Kundi linaloligundua hili bila kuambiwa limeshaelewa jaribio la haki ni nini.

Teknolojia inawatisha wengi kwa sababu shule haina kompyuta, au zipo tatu na umeme unakatika. Kuandika programu kunaanza na kutoa maagizo yasiyo na utata, na pwani hii ina watu wanaofanya hivyo kwa ukindu kila siku. Kata vipande 12 vya karatasi za rangi moja na 12 vya rangi nyingine, upana wa sentimita moja na nusu. Mwanafunzi asuke mkeka mdogo, kisha aandike maagizo ambayo mwenzake, bila kuuona mkeka wala kuuliza neno, atayafuata. Majaribio ya kwanza huandikwa "pitisha juu, pitisha chini, endelea hivyo hivyo", na mkeka wa pili unatoka tofauti kabisa. Tatizo liko kwenye "hivyo hivyo". Polepole wanafika kwenye maagizo kama haya: juu 2, chini 2, rudia mpaka mwisho wa mstari, mstari unaofuata anza nafasi 1 kulia, rudia. Hapo mshazari unatokea.

Sasa wabadilishe namba moja tu. Wakisogea nafasi 3 badala ya 1, mshazari unageuka upande wa pili. Wakisogea 2, mshazari unapotea na mstari wa tatu unafanana na wa kwanza. Waulize watabiri, kabla ya kusuka, mstari wa ngapi utafanana na wa kwanza kama ni juu 3, chini 3, na kusogea 4. Wataona baada ya mistari 3, na atakayetafuta sababu ataikuta kwenye KKS, kigawo kikubwa cha shirika cha 6 na 4, ambacho ni 2. 6 gawa kwa 2 ni 3. Hesabu ya shule ya msingi imerudi ikiwa na kazi. Bibi au shangazi anayesuka mikeka akikaribishwa siku hiyo, watoto wamsalimie, wamketishe mbele, na wamuulize anahesabu vipi. Huwa anahesabu kwa njia iliyo fupi kuliko yao, na ni haki ijulikane ni yake.

Kwenye umeme nitapita haraka. Taa ndogo nyeupe ya LED haitawaka kwa betri moja ya volti 1.5, inahitaji karibu volti 3, yaani betri mbili zilizofuatana. Mguu mrefu uende upande wa chanya. Taa nyekundu inaridhika na volti 2 hivi, na ikiunganishwa moja kwa moja na betri mbili mpya inaweza kuungua, kwa hiyo itiwe kizuizi cha omu 100 au karibu na hapo. Wape betri moja kwanza, waone haiwaki, waulize kwa nini. Vijana wanaotengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili wape kazi ya kuyafungia taa na swichi ya kipande cha bati. Hao mara nyingi ndio wanaokaa nyuma darasani na kuonekana wazito.

Yote haya yanaharibika mwalimu akiwa na haraka ya kujibu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta mara nyingi ni sekunde moja au pungufu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Sekunde 3 mbele ya wanafunzi 70 ni ndefu sana. Hesabu moyoni, tembea hatua mbili kuelekea dirishani, na usimtazame yule anayenyosha mkono kila siku.

Lugha nayo ni kizuizi halisi. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto anayetafuta neno hawezi wakati huohuo kutafuta wazo. Mabishano ya kundi yafanyike kwa Kiswahili. Wakishakubaliana, waandike ripoti kwa Kiingereza wakisaidiwa na maneno 10 yaliyoandikwa pembeni ya ubao. Ripoti inatoka ndefu zaidi na yenye sababu.

Na namna ya kutoa alama ndiyo inayowaambia watoto tunathamini nini. Kwa kazi ya alama 10, alama 2 ziwe za utabiri wenye sababu ulioandikwa kabla ya kupima, hata kama ulikosea. 3 za vipimo vilivyorudiwa. 3 za kueleza nini kiliharibika na kwa nini. 2 za badiliko walilofanya na namba inayoonyesha lilisaidia au halikusaidia. Jibu sahihi halina alama yake peke yake. Mwanzoni wanafunzi wazuri wa mitihani wananung'unika. Mtihani wa taifa upo, hakuna anayebisha, na mazoezi ya mitihani iliyopita yanaendelea kama kawaida; lakini maswali ya vitendo ya mtihani huohuo yanauliza chanzo cha makosa na tahadhari, na anayekariri orodha hujibu vibaya pale kifaa kinapobadilishwa.

Swali la mwanafunzi lisichekwe, hata likionekana la ajabu. Erasto Mpemba, Mtanzania, alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza alichekwa darasani. Aliendelea kuuliza mpaka akamfikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyerudi maabara kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo linatokea lini na kwa nini, na hilo pia wanafunzi waambiwe. Shule inayotaka kuwapeleka watoto wake kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania itafute maswali yake kwenye daftari la maswali yasiyojibiwa. Daftari hilo likae mezani kwa mwalimu, kila mtu aandike humo wakati wowote.

Mwisho ni majira, maana swali zuri lililokuja mwezi usio wake linakufa. Chumvi na sinia za maji ya bahari ni za kiangazi, kuanzia Julai shule zinapofunguliwa. Mabibo na korosho ni Oktoba na Novemba, kabla ya shule kufungwa. Mvua zinaanza Desemba, kwa hiyo Januari ni zamu ya kipima mvua: chupa ya lita 1.5 ikatwe begani, sehemu ya juu igeuzwe iwe faneli, na chini imwagwe maji mpaka yafunike mabonde ya kitako, hapo ndipo pawe sifuri ya rula. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la darasa la mita 8 kwa 6 likipata milimita 10 linapokea lita 480, na ukiondoa moja ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja zinabaki 384. Shule za uwanda wa Makonde, ambako maji ya kisima ni shida ya miaka yote, zianze na swali la tangi: liwe la lita ngapi ili lifike mwezi gani? Mfereji wa bati ufungwe kabla ya Krismasi, na maji ya dakika za kwanza za mvua yaachwe yapite nje, maana yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege cha kiangazi kizima.